Dirisha linakwama, kioo kina ukungu: fuata maji yanakoishia

Dirisha letu la jikoni lilikuwa zito kwa muda mrefu, ni la kuslaidi, unalisukuma kwa mikono miwili huku umejibana kwenye sinki, na kila mtu nyumbani alishaamini limechakaa na dawa yake ni fundi aje aweke jipya. Siku moja nikakinyanyua kile kipande kinachotembea nikakitoa kwenye reli, nikakilaza juu ya taulo nikaangalia chini yake. Yale magurudumu mawili madogo hata hayaonekani. Yamevikwa nywele, nyuzi za nguo na uji wa kijivu uliokauka ukawa mgumu kama saruji, gurudumu moja lilikuwa halizunguki kabisa, linaburutwa tu mpaka upande mmoja umelika umekuwa bapa. Lile lingine nilivyolisugua kwa mswaki wa zamani likazunguka vizuri tu. Nikabadilisha moja, nikasafisha reli, na tangu siku hiyo dirisha linasukumwa kwa kidole.

Ndo maana siku hizi nikiambiwa dirisha bovu naangalia chini kwanza kabla ya kuangalia kioo. Na hii mada inachanganya watu kweli, manake dirisha moja unaloliona hapo ni vitu vingi vimekaa pamoja, kuna kioo, kuna aluminiamu au mbao au chuma au plastiki, kuna raba, brashi, skrubu, kitasa, silikoni, wavu wa mbu, na kila kimoja kina kinachokifaa na kinachokiua, kwa hiyo ukichukua dawa moja ukapaka dirisha zima kuna kitu lazima umekiharibu. Lakini ukichimba mpaka chini, matatizo karibu yote yanatokea sehemu moja: maji yaliyokosa pa kwenda. Yakikaa juu ya kioo yanakitia madoa, yakikaa kwenye reli yanageuza vumbi kuwa tope, yakikaa kwenye mbao yanaozesha, kwenye chuma unapata kutu. Ukishaelewa hilo, mengine yanajipanga yenyewe.

Tuanze na kitu ambacho watu wengi wanaishi nacho miaka na hawajawahi kukiona. Inama nje ya dirisha la kuslaidi, angalia sehemu ya chini ya fremu, utaona vitundu virefu vyembamba, saa zingine vina kifuniko kidogo cha plastiki. Vile ni vya kutolea maji. Dirisha la kuslaidi halijatengenezwa ili maji yasiingie kwenye reli kabisa, hapana, mvua ya upepo lazima itapenya kidogo kwenye zile brashi, yaani vile vinyweleo vilivyo kwenye kingo za vipande vinavyotembea, kwa hiyo waliolibuni waliacha maji yaingie kwenye reli halafu yashuke kwenye kitundu cha ndani, yapite ndani ya fremu yenyewe, yatokee nje kwenye kitundu kingine ambacho kwa kawaida hakiko usawa na kile cha ndani ili upepo usipulize moja kwa moja. Sasa reli ikijaa mchanga, mabawa ya wadudu na nywele, kile kitundu kinazibika, maji yanapanda kama kwenye beseni, na yakifika juu ya ukingo wa ndani yanamwagika ukutani. Hapo mwenye nyumba anasema dirisha linavuja, anachukua silikoni anaziba kila anachokiona nje pamoja na vile vitundu, na mvua inayofuata hali inakuwa mbaya mara mbili kwa sababu sasa hata kile kinjia kidogo kilichokuwa kimebaki kimefungwa. Wengine hawazibi kwa makusudi, ni rangi tu ya ukuta au plasta imepita juu yake wakati wa ujenzi.

Kujua ni rahisi. Chukua glasi moja ya maji, mimina polepole kwenye reli ya ndani, halafu mtu mwingine asimame nje aangalie. Maji yakianza kutoka nje ndani ya sekunde chache, mko sawa. Yakisimama, tafuta waya mwembamba au kijiti cha meno, zibua kitundu cha ndani na cha nje, mwaga maji tena. Mimi la kwetu lilitoa kidonge cha tope chenye bawa zima la mende ndani yake, na baada ya hapo maji yakashuka yote kwa mkupuo mmoja. Kama unaogopa wadudu wataingia kwa vile vitundu, tafuta vile vifuniko vidogo vyenye kiulimi kinachofunguka kwa maji, usizibe.

Reli yenyewe isafishe ikiwa kavu. Hili nalisisitiza manake watu wengi tunaanza na kumwaga maji, na ukimwaga maji juu ya vumbi unatengeneza tope linaloingia kwenye kona ambazo hata mswaki haufiki. Nyonya kwa mashine ya vumbi kama unayo, kama huna tumia brashi kavu ya rangi, sukuma uchafu wote kuelekea upande mmoja uuzoe, ndo ufuate na mswaki wenye maji ya sabuni, mwisho futa ukaushe. Na kabla ya kutoa kipande kinachotembea hakikisha uko na mtu wa pili, kioo ni kizito kuliko kinavyoonekana, na kwenye ghorofa usikitoe kabisa kama huna uhakika wa kukishika, ni bora uite fundi kuliko kioo kidondokee watu waliopita chini. Ukishakirudisha angalia kama kimekaa sambamba na fremu, kikiwa kimeinama kuna skrubu pembeni pale chini, mara nyingi imejificha kwenye tundu au nyuma ya kifuniko kidogo, inapandisha na kushusha gurudumu. Zungusha nusu mzunguko, sukuma uone, zungusha tena. Usiilazimishe huku uzito wote umekaa juu ya gurudumu, mtu akinyanyue kidogo.

Halafu kuna mambo ya mafuta, na hapa ndo madirisha mengi yanaharibiwa na watu wenye nia nzuri kabisa. Dirisha linalia, mtu anachukua mafuta ya kupikia anamwaga kwenye reli. Siku hiyo linateleza safi. Lakini mafuta ya kupikia yakikaa kwenye hewa yanashika oksijeni yanaganda, yanakuwa kama gundi, ni kile kile unachokiona nyuma ya jiko, na kila vumbi linalopita linanasa. Grisi nzito hali ni hiyo hiyo, imetengenezewa sehemu iliyofunikwa, sio reli iliyo wazi kwa vumbi. Ile dawa maarufu ya kupuliza ya WD-40 watu wanaitumia kwa kila kitu, lakini jina lake lenyewe linakueleza kazi yake, ilitengenezwa Marekani mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji kwenye chuma, hizo herufi mbili ni kifupi cha maneno ya Kiingereza Water Displacement, yaani kufukuza maji, na 40 ni jaribio la arobaini lililofanikiwa. Ile ya kawaida ni nzuri kulegeza skrubu yenye kutu au kitasa kilichoshika, ila haikai muda mrefu kama kilainishi, ukiitumia kulegezea ifute halafu uweke kinachotakiwa kubaki.

Kinachotakiwa kubaki kwenye magurudumu na reli ni silikoni ya kupuliza, ile inayokauka ikaacha utando mwembamba usionasa vumbi, na kidogo tu, puliza kwenye kitambaa ukapake, usipulize hovyo maana ikifika kwenye kioo utahangaika kuitoa na ikifika sakafuni mtu atateleza. Hiyo hiyo inafaa kwa raba zinazozunguka kioo. Raba nyeusi za madirisha nyingi ni aina ambayo haielewani na mafuta ya petroli kabisa, ukiipaka mafuta ya mashine inavimba, inalegea, inatoka kwenye mfereji wake, na hapo maji na upepo vimepata njia mpya. Kitasa cha ufunguo ni habari nyingine, ndani yake kuna vipini vidogo vyenye springi, mafuta yoyote ya majimaji yatakusanya vumbi mle ndani, kwa hiyo unaweka unga wa grafiti, ule mweusi kama wa ndani ya penseli, kidogo kwenye ufunguo, ingiza toa ingiza toa mara kadhaa basi.

Sasa kioo. Watu wanalalamika wamefuta na bado kuna mistari, na sababu karibu siku zote ni moja kati ya hizi: sabuni nyingi, maji machafu, kitambaa chenye dawa ya kulainisha nguo, au jua. Jua linakausha maji kabla hujayafuta na kila kilichokuwa ndani ya yale maji kinabaki juu ya kioo, kwa hiyo safisha asubuhi au jioni au siku ya mawingu, au fuata kivuli kinavyozunguka nyumba. Sabuni ya vyombo matone machache tu kwenye ndoo ya lita tano inatosha, ukiona povu limesimama umezidisha. Anza na wavu, halafu reli, halafu fremu, kioo ndo cha mwisho kabisa, manake ukianza na kioo utakirushia uchafu wa vingine vyote. Na kabla hujakisugua kimwagie maji au kipake maji mengi, lile vumbi ni mchanga, ukilisugua kavu unakikwaruza na mkwaruzo hautoki.

Kuna kile kifaa chenye mpira mrefu na mkono, kile wanachotumia wasafisha vioo vya maghorofa. Muundo wake wa kisasa ulisajiliwa mwaka 1936 na Ettore Steccone, Mwitaliano aliyehamia Marekani akawa anasafisha madirisha Oakland, kabla ya hapo walikuwa wanatumia vyuma vizito vyenye skrubu nyingi za kufungua kila ukitaka kubadilisha mpira. Nakitaja kwa sababu kinachosafisha pale ni ule ukingo wa mpira tu. Ukingo ukiwa butu au umechanika kidogo unaacha mstari kila unapopita, na watu wanalaumu sabuni. Geuza mpira upande wa pili, ukiisha pande zote weka mwingine. Kausha kwanza ukanda mwembamba juu ya kioo, weka mpira pale pakavu, vuta, futa mpira kwa kitambaa, rudia ukipanda kidogo juu ya ulipopita. Huna hicho kifaa, vitambaa viwili vya maikrofaiba vinatosha, kimoja cha kuosha kimoja kikavu cha kumalizia. Na kama huelewi mstari uko ndani au nje, futa ndani kwa kwenda kulia na kushoto na nje kwa kwenda juu na chini, mstari wenyewe utakwambia uko upande gani.

Madoa meupe ambayo hayatoki kwa sabuni ni jambo ninaloulizwa sana, na hapa inabidi tutofautishe vitu viwili vinavyofanana kwa macho. La kwanza ni chumvi za maji magumu, kalsiamu na magnesiamu, maji yameenda hewani chumvi zimebaki. Hizo zinatoka kwa siki, changanya nusu kwa nusu na maji, lowesha kitambaa, kibandike kwenye doa dakika kumi, ukisogeza macho karibu unaona vipovu vidogo sana, ile ni asidi ya siki inakula chokaa na kutoa gesi. Suuza vizuri. Chunga siki isidondoke kwenye kizingiti cha marumaru maana marumaru nayo ni chokaa, itaacha alama, na isikae kwenye fremu ya aluminiamu. La pili ni kioo chenyewe kimeliwa. Kioo cha kawaida ni mchanga wa silika kama asilimia 70, kilichobaki sehemu kubwa ni soda na chokaa, na maji yakikaa juu yake muda mrefu bila kukauka wala kusuuzwa yanaivuta ile soda itoke, soda inafanya yale maji yawe makali kama magadi, na ule ukali unaanza kula silika yenyewe. Ndo maana vioo vipya vilivyopangwa stoo vimegusana vikapata unyevu vinatoka na ukungu wa rangi rangi. Hapo siki haifanyi kitu, ni kama kutaka kufuta shimo, kinachohitajika ni kupiga msasa maalumu wa vioo, tena kama hakijaliwa sana, vinginevyo unabadilisha kioo.

Saruji inafanya kitu hicho hicho kwa haraka zaidi. Nyumba inapigwa plasta huku vioo vimeshawekwa, matone yanaruka, fundi anasema tutasafisha mwisho, na mwisho ni wiki tatu baadaye. Saruji mbichi ni kali sana, inakula kioo na inakula rangi ya aluminiamu, kwa hiyo ioshe kwa maji mengi ikiwa bado mbichi, hapo hapo, au funika madirisha kwa nailoni kabla kazi haijaanza. Ikishakauka usiikwangue kwa kisu. Kuna wembe wa kukwangulia vioo, ufanye kazi kioo kikiwa kimelowa chapachapa, na kama kioo ni kile kilichopikwa kikawa kigumu, chenye mhuri mdogo kwenye kona, fikiria mara mbili, wakati wa kukipika vinaweza kubaki vijipunje juu yake na wembe ukiving'oa unavipitisha kwenye kioo kizima. Kioo chenye tinti usiguse na wembe, na usitumie dawa yenye amonia, inaharibu karatasi ya tinti na gundi yake.

Na kitu kimoja cha hatari naomba ukishike: dawa ya kung'arisha nguo ya klorini usiichanganye na siki wala na amonia, kwa sababu yoyote ile. Unapata gesi yenye sumu, na bafuni kwenye kidirisha kidogo haina pa kwenda zaidi ya mapafu yako. Kama kuna fangasi weusi kwenye silikoni ya pembeni na umeamua kutumia klorini, itumie peke yake, suuza, fungua dirisha. Fangasi wakiwa wameingia ndani ya silikoni hawatoki, kata yote uiondoe, safisha, weka mpya. Usipake mpya juu ya ya zamani, silikoni haishiki vizuri juu ya silikoni iliyokwisha kukauka, itabanduka na maji yataingia katikati.

Fremu nitaipitia haraka. Aluminiamu na plastiki zinataka maji ya sabuni laini tu, bila steelwool, bila unga wa kusugulia, na thina usiipeleke kwenye plastiki kwa sababu inaiyeyusha uso. Ukikaa karibu na bahari osha fremu mara kwa mara hata kama zinaonekana safi, chumvi inajificha chini ya vizingiti ambako mvua haifiki, na skrubu za chuma cha kawaida zilizofungwa kwenye aluminiamu pakiwa na chumvi vinakulana, utaona unga mweupe umezunguka kichwa cha skrubu. Toa weka za chuma kisichoshika kutu. Dirisha la chuma ukiona rangi imevimba usipake juu, kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila na ikiwa chini ya pati, ule udongo mgumu unaoshikilia kioo, inaweza kusukuma kioo mpaka kipasuke, kwangua mpaka chuma king'ae, paka rangi ya kuzuia kutu, ndo uje na ya juu. Mbao, chomeka ncha ya bisibisi kwenye kona za chini, ikizama kama kwenye keki pameoza na rangi imekuwa inaficha.

Madirisha ya kufunguka kwa nje yana ile mikono ya chuma juu na chini inayolibeba dirisha likiwa wazi. Dirisha likianza kushuka na kusugua fremu, angalia skrubu za mikono hiyo kwanza, mara nyingi zimelegea tu, na kama tundu limepanuka weka skrubu nene kidogo. Kwenye baadhi ya hiyo mikono kuna skrubu ndogo ya shaba inayokaza msuguano, ile usiitie mafuta, kazi yake ni kuzuia dirisha lisipigwe na upepo, ikilegea ikaze robo mzunguko. Mkono uliopinda usiunyooshe kwa nyundo. Badilisha, tena yote miwili kwa pamoja, manake mmoja mpya na mmoja mzee vinavuta tofauti na dirisha litakaa upande.

Kwa upande wa nje kwenye ghorofa usikae kwenye kizingiti, usisimame kwenye stuli, kama kifaa chenye mkono mrefu hakifiki basi ile ni kazi ya mtu mwenye mkanda wa usalama. Ngazi usiiegemeze kwenye kioo, egemeza ukutani, na kwa kila mita nne za kwenda juu mguu wake uwe kama mita moja kutoka ukutani.

Lililobaki ni ukungu kwenye madirisha ya vioo viwili. Pitisha kidole. Ukifutika kwa ndani ya chumba, ni unyevu wa chumba umekutana na kioo baridi, fungua dirisha, washa feni ya jikoni, usianike nguo mle. Ukifutika kwa nje asubuhi, huo ni umande, maana yake kioo kinazuia joto la ndani lisitoke, achana nao. Usipofutika kokote uko katikati, gundi ya pembeni imefunguka, zile punje za kunyonya unyevu zilizo ndani ya ukanda wa pembeni zimeshashiba, na hakuna dawa ya kusafisha itakayofika pale. Hapo mwambie fundi apime kile kioo cha pacha peke yake, urefu, upana na unene wote kwa milimita, kinatolewa kinawekwa kingine na fremu inabaki ile ile, na wakati kioo kiko nje mwambie aangalie kama maji yalikuwa yamesimama chini yake. Kama kuna alama ya maji pale, vitundu vya fremu vilikuwa vimeziba, vizibue kabla hajaweka kipya.